Mtunzi wa Kipindi cha Jumanne

Kwa miaka kumi na moja niliishi mlango kwa mlango na mtu ambaye sikumwamini. Jengo letu ni la matofali mekundu, hapa Silver Spring, Marekani, na milango yetu miwili ya ghorofa ya tatu ilitazamana kama wake wenza. Yeye alisema kwamba zamani, Nairobi, enzi za televisheni isiyo na rangi, ndiye aliyekuwa akitunga na kutayarisha kipindi cha vichekesho kilichowaondoa watu barabarani kila Jumanne jioni. Mimi nilisema moyoni: maneno hayo ni mepesi mno kuyasema ukiwa umbali huu. Huku kwetu kila mtu alikuwa mkubwa kule alikotoka. Namjua dereva wa teksi aliyekuwa mkuu wa wilaya, namjua msusi aliyekosakosa kuolewa na waziri. Nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa si kitu kule, na nikaja kuendelea na kazi hiyohiyo huku.

Jengo zima lilimwita Mtayarishaji. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sikuuliza. Mtu unayemshuku humuulizi asili, maana atakupa, nayo itakuwa nzuri. Sasa kahamia kusini kwa binti yake, na mlangoni pake kuna vijana wawili wenye mbwa anayevaa sweta. Lakini kabla hajaondoka palitokea jambo lililonilazimisha kumchunguza kwa karibu kuliko nilivyopenda. Chuo kimoja cha hapa mjini kilianza kukusanya sauti za wazee waliofanya kazi za redio na televisheni Afrika, ili zihifadhiwe. Msichana wa chuo akaja na fomu. Katika fomu ile palikuwa na mstari mmoja: kipindi kilitungwa na nani. Mtayarishaji aliutaka mstari ule. Kanda za kipindi chake hazikuwepo tena, magazeti ya wakati ule hayakumtaja, na wenzake wengi walikuwa wamekufa. Bila mstari ule angebaki mzee mwingine tu wa Silver Spring aliyekuwa mkubwa kule alikotoka. Na mtu aliyetakiwa kukaa katikati, kuyatia maneno yake katika Kiingereza, kisha kutia saini kwamba anamjua, alikuwa mimi.

Nijieleze kidogo, si sana. Mimi ni mtu wa ndani. Nilitoka Tanga na cheti cha kidato cha nne chenye alama moja ya kujivunia, ya Kiswahili. Zile nyingine tuziache zipumzike. Kiswahili hichohicho ndicho kinachonilisha. Natafsiri kwa simu: mgonjwa huku, daktari kule, mimi katikati. Kazi yenyewe naifanya ndani ya kabati la nguo za mke wangu, maana ndipo penye utulivu, na magauni yake huzuia mwangwi. Mke wangu ni Mkenya wa Nakuru, mhudumu wa wazee, na husema kwamba aliolewa na mwanamume akaishia kupata koti. Siku nyingi safari yangu ndefu ni kutoka kabatini hadi jikoni. Kwa hiyo nikisema nilimchunguza jirani, msidhani nilimfuata mitaani. Nilimchunguza kwa tundu la mlango.

Kitu cha kwanza nilichokishuku ni saa yake. Alivaa shingoni saa ya kupimia mbio, ile ya kubonyeza, kama mwalimu wa michezo. Akiingia kwako anabonyeza. Zikitimu dakika ishirini na nne anabonyeza tena, anasimama, anaaga. Hata kama umo katikati ya kumweleza ugonjwa wa mama yako. Mara moja mke wangu alichelewesha pilau mpaka dakika ya ishirini na mbili. Mzee alikula dakika mbili, kisha akaondoka na sahani. Aliirudisha kesho yake, imeoshwa.

"Dakika ishirini na nne zinatosha binadamu yeyote," alinieleza. "Zikizidi, watu wanaanza kujirudia."

"Na mazishi, Mzee?"

"Mazishi hasa."

Kitu cha pili: hakuweza kuingia chumbani kwa mtu bila kusogeza kiti. "Hapo hapafai, bwana mdogo. Dirisha linakumeza." Bwana mdogo huyo nilikuwa na miaka arobaini na tisa na maumivu ya goti. Lakini nilisogea. Ndilo lililoniudhi, kwamba nilisogea kila mara, na kwamba mke wangu akirudi kazini alisema, "Leo umekaa vizuri. Mzee alikuja?"

Tena aliandika. Alikuwa na madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, na ukisema neno lililomgusa alikuinulia kidole. "Rudia." Ukirudia, aliandika, na hukujua litakwenda wapi. Mimi ninayetunza siri za figo za watu wasionijua nilijikuta namtazama mzee yule na daftari lake kama paka anayemwona mwenziwe karibu na maziwa. Alikuwa na usemi wake juu ya hilo: "Mtu akisema jambo mara moja, huenda ni kweli. Akilisema tena kwa maneno yaleyale, kalifanyia mazoezi." Usemi mzuri. Nikaanza kumsikiliza kwa sikio hilohilo, nikagundua kwamba hadithi zake zote za Nairobi alizisimulia kwa maneno yaleyale, pamoja na vituo na vikohozi.

Nyumbani kwake, nitakwambia, hapakuwa na televisheni. Nilipomuuliza mtu wa televisheni anakaaje bila televisheni, aliniuliza kama nimewahi kumwona fundi wa majeneza akilala ndani yake.

Riziki yake ya huku haikuwa ya majivuno. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kibanda cha vioo, chini ya ardhi, katika maegesho ya magari ya yale maduka makubwa ya Columbia Heights. Mbele yake kulikuwa na vioo sita vidogo vya kamera za ulinzi. Hilo alilisimulia kwa furaha isiyofichika. "Nairobi nilikuwa na kamera mbili, moja inaumwa. Huku wamenipa sita, na waigizaji hawajui kama wanaigiza." Kamera ya nne ilimkera kwa sababu ilikata watu vichwa. Alilalamika kwa msimamizi, hakusikilizwa, basi akachukua ngazi akaipindua mwenyewe. Msimamizi alimwita. Picha ni nzuri, alikiri, lakini mlango wa kutokea hauonekani tena, na kamera iliwekwa kwa ajili ya mlango.

"Ukamjibu nini, Mzee?"

"Nilimwambia mlango haukuwa na la kusema."

Hapo nilicheka, na nikajilaumu kwa kucheka. Mwongo anayechekesha ni mgumu kuliko mwongo mkavu.

Sasa kipindi chenyewe, jinsi alivyokieleza. Kilihusu ua mmoja wa nyumba za kupanga na bomba moja la maji. Kila juma watu wanasimama foleni na ndoo, na katika foleni ile wanachumbiana, wanagombana, wanadanganyana. Hapakuwa na maneno yaliyoandikwa. Jumatatu alileta nusu ukurasa, akiuita mifupa: nani anaingia, nani anatoka, nani analia. Kisha alimvuta kila mwigizaji pembeni akamnong'oneza siri moja, kitu ambacho mhusika wake anakitaka na wenzake hawakijui. Wewe unataka kuoa bila shemeji kujua. Wewe umehama jana lakini unaona haya kusema. Ijumaa wanarekodi moja kwa moja bila kusimama, kwa kuwa kanda ilikuwa haikatwi, na kila mtu anajaribu kuing'oa siri ya mwenziwe mbele ya kamera, kweli kweli. Jumanne kinatoka hewani. Jumatano kanda inachukuliwa, inarekodiwa kitu kingine juu yake.

"Kitu gani?"

"Ukulima. Vichekesho vyangu vyote vimezikwa chini ya pareto."

Mke wangu alisema: ni bahati iliyoje, ushahidi wote umefutwa na pareto.

Tabia ya kunong'ona hakuiacha Nairobi. Chini ya jengo letu kuna mashine za kufulia nne, mbili zikiwa nzima, na Jumamosi foleni yake si mchezo. Kwa mwezi mmoja nilimwachia mashine yangu jirani wa ghorofa ya nne, baba mmoja mkimya kutoka Bukavu, kwa sababu Mtayarishaji aliniambia, akiwa ananitazama kwa huruma, kwamba yule baba amefiwa na hataki watu wajue. Ajabu ni kwamba yule baba naye alikuwa ananiachia mimi. Tulisimama pale, kila mtu na kapu lake, mashine tupu, tunapishana kwa adabu kama mabalozi. Mwishowe nikampa pole ya msiba.

"Msiba gani, voisin?" akashangaa, akiniita jirani kwa Kifaransa. "Papa wa chini aliniambiaka weye uko na ugonjwa ya mgongo, hutakake watu wajue. Njo maana minakuachiyaka mashine."

Tukageuka. Mtayarishaji alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki kando ya mashine za kukaushia, daftari magotini, saa mkononi. Nguo za kufua hakuwa nazo hata soksi.

"Kwa nini, Mzee?" nikamuuliza.

"Mlikuwa hamsalimiani," akasema. "Sasa mnasalimiana."

Ni kweli, tunasalimiana hadi leo. Lakini tangu siku ile, mzee yule akiniambia kunanyesha, nilifungua dirisha nikatoa mkono.

Basi fomu ya chuo ilipokuja, na mzee akaniomba nimtafsirie, nilimwuliza mke wangu wazi: wewe ulikua Kenya, kipindi hiki kilikuwepo?

"Kilikuwepo," akasema. "Hiyo nilikuwa naona kila Tuesday kwa jirani, sisi hatukuwa na TV. Lakini huyo mzee wako ni mwongo. Mwisho walikuwa wanaandika 'Imetungwa na', halafu jina ya mama. Mama, si mwanaume."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nasoma kwa sauti ndiyo watu wajue mimi najua kusoma. Nitasahau?"

Hapo nikatoka nje. Mimi. Nilivaa viatu nikaenda mpaka duka la vyakula vya kwetu, hatua mia nne, ambako mwenye duka ni mtu wa Mombasa. Nikamwuliza aliyetunga kipindi kile cha bomba. Hakuinua hata macho kwenye mizani. "Si ni yule dereva. Dereva wa gari la stesheni ya televisheni, jina lake twalijua sote, shangazi yake akikaa Kisauni. Lilitoka kwenye televisheni, mtaa mzima ukenda kumpa hongera." Jumapili mke wangu akamwuliza mzee mmoja wa kanisani kwao, mtu wa Kakamega. Huyu akasema kwa upole wa kanisa, lakini bila kuyumba, kwamba mtunzi alikuwa mtu wa kwao aliyekuwa akipika chai pale kituoni.

Mama mmoja, dereva mmoja, mpika chai mmoja. Niliyaandika majina yote matatu nyuma ya bahasha nikavuka korido.

"Mzee, kila mtu ananipa jina lake. Nani alitunga?"

Alivaa miwani, akasoma bahasha kwa muda mrefu kuliko majina matatu yanavyohitaji. "Hawa wote," akasema.

"Na wewe je?"

Akabonyeza saa, akasimama, akanifungulia mlango. Zilikuwa dakika tisa. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akikatisha kabla ya ishirini na nne.

Mke wangu ndiye aliyempata yule mama. Wakenya wa hapa hawapotei. Ukilitaja jina kwenye chai ya kanisani linafika Virginia kabla kikombe hakijapoa. Aliishi Arlington na mwanawe, treni mbili tu kutoka kwetu, na alikuwa mwigizaji wa kipindi kilekile. Alicheza mwanamke ambaye kila juma alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na hadi leo watu wa umri wake humwita kwa jina la mhusika: Mama Ndoo. Alikuja kwetu siku ya Alhamisi, mfupi, mnene, miguu yenye uvimbe na sauti ya kuuza samaki. Alinikuta natoka kabatini.

"Unamkimbia nani humo, mwanangu?"

"Nafanya kazi, Mama."

"Mume wako ni wa kabatini," alimwambia mke wangu. "Angalau unajua alipo."

Nikamwuliza kuhusu majina matatu. Akacheka mpaka akashika meza. Kila Ijumaa, alisema, baada ya kurekodi, Mtayarishaji alikuwa akichukua kadi nyeusi ya mwisho, ile iliyochorwa maandishi kwa rangi nyeupe, akawauliza: leo nani katuokoa? Yule aliyesema neno lililokibeba kipindi, jina lake ndilo lililochorwa kwamba katunga. Dereva aliwahi kuingizwa foleni kwa sababu mwigizaji mmoja alishikwa na tumbo, akasema neno moja, watu wakaanguka. Akachorwa. Mpika chai alipita na birika mbele ya kamera kwa makosa, akaulizwa kitu, akajibu. Akachorwa. Yeye mwenyewe alichorwa mara nyingi kuliko wote.

"Na jina lake mwenyewe?"

"Lilikuwa kwenye kadi ya mwisho kabisa. Hiyo haikuonekana. Taarifa ya habari ilikuwa inaingia."

"Kumbe ni mtu mwema," nikasema, na nikahisi nimeibiwa kitu, maana mashaka ya miaka kumi na moja si kitu cha kutupa ovyo.

"Nani amekwambia mwema?" Sauti ya samaki ikashuka. "Ngoja nikwambie habari ya maji."

Juma moja mifupa ilisema bomba limekauka. Mtayarishaji alipomvuta pembeni, siri aliyomnong'oneza haikuwa siri ya mhusika. Ilikuwa maneno manne, ayaseme mwishoni akiwa na ndoo tupu: Maji nayo yanamjua mkubwa. Mtaa wa nyuma ya stesheni ulikuwa hauna maji siku hizo, na kulikuwa na bwana mmoja mkubwa mwenye bustani ya kijani kibichi. Aliyasema. Mafundi wa kamera walicheka, na Ijumaa ile kadi ilichorwa jina lake. Jumatano asubuhi waliitwa wote ofisini. Mkubwa wa stesheni akauliza nani katunga. Hakuna aliyehitaji kujibu. Nchi nzima ilikuwa imesoma.

"Yeye alikuwa amekaa hapo, karibu kama wewe na hiyo friji. Hakufungua mdomo. Mimi nikatoka na ndoo yangu, ile ya kuigizia, wakaniambia niiache ni mali ya serikali." Alikunywa chai. "Miaka nimeuza mitumba. Kipindi kikaendelea. Walitafuta mwanamke mwingine wa kusimama nyuma."

Nikaanza kuyapima majina yale upya, moja moja. Kila jina lililochorwa lilikuwa zawadi, na kila jina lilikuwa ngao. Siku ile anachora, alijua anatoa lipi, zawadi au ngao? Mtu anayenong'oneza kila mmoja siri yake, nani alimnong'oneza yeye?

"Mama, unataka aseme nini Jumamosi, msichana wa chuo akija kumrekodi?"

"Mimi sina ninachotaka. Nakuja kumsikiliza. Miaka minne najua yuko hapo, na yeye anajua niko Arlington. Treni inaenda pande zote mbili."

Jumamosi adhuhuri Mtayarishaji alikuwa amepanga viti vyake vinne kwa namna ya kukata na shoka, mashine ya kurekodia katikati juu ya kitabu cha simu. Mke wangu alimleta Mama Ndoo bila kutoa habari. Mzee alifungua mlango akasimama. Nilimtazama kwa umakini wa kipolisi, nikaona mkono wake ukitafuta saa shingoni, ukaikosa, ukaipata, ukaiacha.

"Karibu," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Usikae hapo, dirisha litakumeza."

"Acha linimeze," akasema Mama Ndoo, akaketi palepale.

Msichana wa chuo alizaliwa huku, wazazi wake ni wa Moshi. Kiswahili alikisikia chote, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza, kama watoto wetu wote. Maana yake ni kwamba chumbani humo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenihitaji. Nilikuwa natafsiri kwa ajili ya mashine. Nilikaa nikakumbuka sheria za kazi: usiongeze, usipunguze, na anayesema "mimi", nawe sema "mimi".

Msichana aliuliza swali la mstari ule. Nani alitunga.

Mtayarishaji alifungua daftari kuukuu, si la huku, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Akaanza kusoma. Kipindi cha harusi ya jirani: dereva, jina lake kamili. Kipindi cha mwizi wa kifuniko: mpika chai, jina lake kamili. Kipindi cha shemeji: Mama Ndoo, kwa jina lake la kweli. Ukurasa baada ya ukurasa. Nilirudia kila jina kwa Kiingereza na kila mara niliungoja ule "mimi" wake utoke, niumalize ubishi. Haukutoka. Dakika ishirini na nne zilipita na saa ikiwa imelala kifuani pake. Mtu niliyemshuku kwa kujitwalia kila kitu alikuwa akigawa mpaka ninachoka mimi.

Alipofika kwenye bomba lililokauka alifunga daftari.

"Hiki kimeandikwa jina la huyu mama," akasema. "Si kweli. Hiki ni changu. Maneno niliyatia mimi kinywani mwake, na walipouliza nani katunga, nilikuwepo na nikanyamaza. Katika vyote, andika kimoja hicho kwa jina langu."

Nikayasema kwa Kiingereza, kwa "mimi", kama kazi inavyotaka. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba niliinamisha kichwa kana kwamba niliyenyamaza ni mimi.

"Hapana," akasema Mama Ndoo.

Mzee akamgeukia.

"Hicho ni changu," akasema. "Ulinipa maneno manne. Ni nani aliyetoka nayo nje? Nimeyabeba sokoni, nimeyabeba mpaka Amerika. Watoto wangu wamekua wakijua mama yao alitunga kitu wakubwa wakakiogopa. Leo unakuja na daftari unaniambia sikutunga. Wewe utaniibia mara ngapi?"

"Nilitaka kukurudishia."

"Unachonirudishia ni aibu yako. Hiyo ni yako, kaa nayo."

Nilitafsiri yote, upande huu na upande ule, na sitaficha kwamba hata hapo nilimtupia mzee jicho. Viti alivipanga yeye. Mtu aliyetuchezesha mimi na baba wa Bukavu kwenye mashine za kufulia hashindwi kuupanga mwisho wa kipindi. Lakini mikono yake ilikuwa imelala magotini imegeuzwa juu, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayejua kitakachofuata.

Msichana aliuliza, kwa Kiingereza, taratibu, basi kwenye ule mstari aandike nini.

"Jina langu," akasema Mama Ndoo. "Hapo chini kuna nafasi ya maelezo?"

Ilikuwepo, mistari mitatu.

"Andika hapo: Mtayarishaji alikuwepo, akanyamaza."

Nikatafsiri. Msichana alishika kalamu, hakuandika. Alimtazama mzee kuomba ruhusa. Sisi sote tulimtazama. Nje kulikuwa na lori linarudi nyuma, likilia lile pii, pii lao.

"Watayarishaji ni wengi," mzee akasema. "Andika jina."

Akalitaja, majina yake yote matatu, moja moja, akingoja kila moja liandikwe kabla ya kutaja linalofuata. La mwisho msichana alilikosea. Akamwonyesha kwa kidole, likafutwa, likaandikwa upya. Mama Ndoo aliisogeza fomu karibu na macho, akasoma mstari wake, akasoma na mistari ya chini, akaridhika.

Kisha fomu ikaletwa kwangu, mahali pa jirani. Nikachukua kalamu, nikatia saini kwamba namjua.